Turubai la Manda za Bi Lela

Tarehe 24 Aprili mwaka wa 2024, baada ya mvua kubwa ya usiku kucha, maji ya mafuriko yaliingia katika nyumba za watu wa Mathare, jijini Nairobi. Hilo halina ubishi. Magazeti yaliliandika na kila aliyekuwapo alilishuhudia. Jambo ambalo halikuandikwa popote ni dogo zaidi. Asubuhi hiyo, upande wa Huruma, pikapu nyeupe kutoka mtaa wa Mowlem ilikuwa imeegeshwa kando ya barabara, nayo imesheheni manda za sambusa zilizokuwa zimegeuka ujiuji.

Manda ni zile karatasi nyembamba za unga ambazo mkaangaji huzikunja pembetatu, akazijaza nyama au dengu, kisha akazitumbukiza mafutani. Zikikauka mno huvunjika. Zikilowa hushikana, na hapo hazina dawa tena. Mwenye pikapu, Millicent Opicho, alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana asubuhi ile alikuwa amezifunika kreti zote kwa nailoni mpya ya buluu na kuikaza kwa blada, vile vipande virefu vya mpira vinavyokatwa kutoka tyubu za magurudumu. Lakini alipofika mzunguko wa Kariobangi upepo uliipenya nailoni upande mmoja, ukaichana kama gazeti, mvua iliyokuwa bado ikinyesha ikaingia, na alipofika Huruma hakuwa na kitu cha kumkabidhi mteja.

Hakulia. Aliwatazama watu waliokuwa wakipita na magodoro yaliyolowa vichwani, akaona haya kuusikitikia unga mbele yao. Akaziteremsha kreti zake, akayapakia magodoro ya watu asiowajua hadi penye mwinuko, akarudi tena kwa mengine. Hata hivyo, kama alivyomweleza mumewe baadaye, muda wote huo swali moja lilimkaa kifuani: angemwambia nini Bi Lela?

Millicent ni mzaliwa wa pande za Webuye. Alikuja Nairobi akiwa bibi arusi wa Dishon Opicho, ambaye mpaka leo ni mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Millicent naye aliwahi kuwa kibarua katika kiwanda cha nyuzi, wa wale wanaosimama langoni kila alfajiri wakingoja kidole cha msimamizi kiwaelekee au kiwapite. Aliichukia sana ile hali ya kungoja kidole. Aliposikia kwamba jirani anayehama anauza pikapu kuukuu, aliitafuta kwa udi na uvumba mpaka akaipata, na akajifunza kuiendesha katika uwanja wa kanisa siku za kazi, pasipokuwa na watu. Kwa muda mrefu watu walidhani gari ni la Dishon. Dishon mwenyewe alikuwa akiwasahihisha: "Mimi hapa ni abiria tu. Dereva ni Mama Mitchelle." Mitchelle ni kifungua mimba wao, na hilo ndilo jina ambalo Mowlem nzima humwitia Millicent.

Pikapu ilibeba kila kitu: mchanga, milango, makabati ya wanaohama, viti vya matanga. Kazi hizo zilikuja na kukatika zilivyotaka. Kazi ya Bi Lela ndiyo peke yake iliyokuja kila siku. Kumpoteza Bi Lela, kwa Millicent, kulikuwa sawa na kurudi langoni kungoja kidole.

Bi Lela Idarusi anaishi Jericho, katika nyumba za zamani za baraza la jiji. Baba yake alitoka Mombasa kuja kufanya kazi ya reli, na jikoni kwake hadi leo mnasemwa Kiswahili cha pwani. Alimpokea Millicent mlangoni siku ya mafuriko, akazitazama kreti, akafunua moja, akaifunika.

"Sikulaumu kwa mvua, Mama Mitchelle," akasema. "Mvua huna mamlaka nayo. Nakulaumu kwa ile nailoni."

"Ilikuwa mpya, Bi Lela."

"Mpya ya kufunikia kuku! Mimi nakupa mikono ya wanawake waliosimama motoni tangu jana, wewe waifunika kwa karatasi?"

Wakati huo Willis, kijana mwenye gari la kufungwa lililowahi kubeba mikate, alikuwa ameegemea ukuta wa jirani akinywa chai. Alikuwa akiimezea mate kazi hiyo kwa muda, na hakuificha hamu yake.

"Niaje, Mama Mitch," akaita. "Naskia umepeleka uji Huruma. Ulibeba na vikombe?"

"Kunywa chai yako, Willis," Millicent akamjibu. "Na hilo gari lako bado linanuka mikate ya mwaka juzi."

Bi Lela aliinua kiganja kuwanyamazisha, kisha akatoa uamuzi wake kwa utaratibu, kama mtu anayekunja kanga. Siku za kawaida angeendelea kumpa Millicent mzigo, mradi mbingu ziwe wazi. Lakini Ramadhani ilikuwa jambo jingine. Katika mwezi huo sambusa huliwa katika kila nyumba inayofunga, manda hutoka maradufu, na mvua ya masika huanza kubisha hodi. "Ramadhani ijayo," akasema, "mzigo wangu hauingii katika gari lisilo na kifuniko cha kuaminika. Ukiwa nacho, karibu. Usipokuwa nacho, Willis yupo."

Hapo ndipo Millicent alipoanza kutafuta kifuniko cha pikapu, na alitafuta kwa namna yake: hakukubali neno la mtu mpaka aweke mkono mwenyewe.

Alianzia mjini, katika duka moja la vipuri. Muuzaji, mwanadada aitwaye Nthoki, alimwonyesha kifuniko bapa cha alumini kinachojikunja vipande vitatu. Kiling'aa vizuri. Nthoki alikigonga kwa kucha.

"Mama, hii hata risasi haipiti."

"Mimi sibebi risasi. Nabeba kreti tatu, moja juu ya nyingine. Kikishalala hapa, kreti ya juu nitaikalia mimi?"

Nthoki akacheka, akampeleka kwenye kanopi ya fibaglasi, ile inayovikwa nyuma ya pikapu kama nyumba ndogo yenye madirisha. Millicent aliizunguka, akainama, akapitisha vidole chini ya ukingo wake. Kanopi ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya pikapu za siku hizi. Kwenye yake kuukuu ingeacha mwanya ambao panya angeingia bila kuinama. Tena kabati la mtu anayehama lisingeingia humo hata kwa maombi. Alimshukuru Nthoki kwa adabu, akatoka. Nthoki akamwita kutoka mlangoni, "Mama, basi badilisha gari!" Naye akajibu bila kugeuka, "Nitabadilisha duka kwanza."

Duka alilobadilisha lilikuwa kibanda cha Makau, fundi wa maturubai kule Kariobangi, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, ambaye hushona mahema ya harusi na vifuniko vya malori. Makau alimtandikia sakafuni aina mbili za kitambaa. Ya kwanza ilikuwa plastiki nzito ya kijivu, ile inayofunikwa kwenye malori yaendayo Malaba. Ya pili ilikuwa turubai la pamba, zito, la rangi ya majani makavu.

"Hili la pamba hulowa?" Millicent akauliza.

"Hulowa kidogo likiwa jipya."

"Basi liondoe machoni mwangu."

Makau hakubishana, plastiki ndiyo aliyoiuza zaidi. Akachomelea pinde za chuma juu ya sehemu ya mizigo, akashona kifuniko kikaja hadi chini ya kingo, na Millicent akasimama pale akidai kila mshono upigwe mara mbili. Alitaka pasiwe na tundu. Alitaka mlango wa nyuma ufunikwe na ulimi wa plastiki, na juu ya ulimi huo mwingine, na blada zipite pande zote.

"Mama Mitchelle," Makau akasema akipangusa jasho, "unataka kubeba manda ama unataka kuvuka ziwa?"

"Nataka kulala usingizi."

Siku ya kukijaribu, aliipeleka pikapu kwa waosha magari wa Mowlem. Alikuwa ametandika magazeti makavu ndani, na juu ya magazeti akamlaza mumewe, ili aone kwa macho yake maji yangepenya wapi. Waosha magari walifurahia kazi hiyo kupita kiasi. Walikipiga kifuniko kwa maji ya mpira wa shinikizo, kutoka juu, kutoka ubavuni, kutoka nyuma, huku wakiimba jina la Dishon kana kwamba anabatizwa. Jua lilikuwa kali. Mwishowe Millicent akafungua ulimi wa kwanza, akafungua wa pili, na Dishon akajitokeza shati limemganda mwilini.

"Umelowa!" Millicent akapiga yowe.

"Nimelowa jasho, si maji. Angalia magazeti."

Magazeti yalikuwa makavu kiasi cha kusomeka. Watu wakacheka, Dishon akaomba maji ya kunywa, na Millicent akaenda nyumbani akiwa na amani aliyoikosa tangu mafuriko.

Mvua za vuli zilipokuja, kifuniko kilitimiza ahadi yake. Bi Lela alikuwa akikichungulia kila asubuhi, akitia mkono hadi kwenye kwapa kutafuta unyevu, na kila asubuhi mkono ulitoka mkavu. Akaanza tena kumwita Millicent "mwanangu". Willis alipunguza mizaha. Kwa hiyo mwezi wa Machi wa mwaka 2025, Ramadhani ilipoanza, hapakuwa na mjadala: mzigo ulipakiwa kwenye pikapu.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Millicent na Bi Lela walilijua na hakuna aliyelifikiria. Miezi mingine yote, manda za Bi Lela hupikwa alasiri, zikalala sakafuni chini ya vitambaa, na kusafiri asubuhi zikiwa baridi. Katika Ramadhani desturi hiyo hugeuzwa. Wanawake hupika baada ya sala ya adhuhuri, kwa kuwa wakaangaji wanataka manda za siku hiyo hiyo, laini, zifike kabla ya alasiri kwisha ili sambusa ziwahi futari. Manda hubanduliwa kutoka kwenye chuma, hukatwa, hufungwa kwenye vitambaa na kupakiwa zikiwa bado na joto la mkono. Mwaka uliotangulia zilikuwa zimesafiri hivyo chini ya nailoni iliyokuwa ikipepea, na hazikudhurika.

Siku hiyo ya kwanza jua liliwaka barabara nzima. Huruma, mteja wa kwanza alikuwa Nasima, mkaangaji ambaye karai lake huwa limezungukwa na watu mapema kabla ya jua kuzama. Alifungua kitambaa, akachomeka kidole pembeni mwa bunda, akajaribu kubandua manda moja. Ikaja na dadake. Akavuta tena, zikaja kumi pamoja, zimeshikana kama kurasa za kitabu kilichoanguka mtoni.

"Mama Mitchelle," akasema taratibu, kwa sauti ya mtu aliyefunga anayejizuia, "hizi si manda. Hii ni chapati moja kubwa."

Millicent alifungua kreti nyingine. Akafungua nyingine. Zote zilikuwa hivyo hivyo. Akaitazama mbingu: haikuwa na hata wingu moja.

Bi Lela alizipokea zile kreti zilizorudi bila kupandisha sauti, na kwa Millicent hilo lilikuwa baya kuliko kelele.

"Leo mvua ilinyesha wapi, mwanangu?"

"Haikunyesha, Bi Lela."

"Basi nilaumu nini?"

Kesho yake mzigo ulikwenda na Willis. Gari lake lilikuwa na matundu ya hewa darini, mabaki ya enzi za mikate, na manda zilifika zikiwa sawa. Willis alipita Mowlem makusudi, akapiga honi mbele ya nyumba ya Millicent. Dishon akasema ni mchokozi. Millicent akasema, "Mwache. Ana haki ya kupiga honi leo."

Kisha akafanya jambo lililowashangaza majirani. Alichemsha sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, akaiweka ikifuka mvuke nyuma ya pikapu juani, akaingia humo mwenyewe, na akamwamuru Dishon afunge ndimi zote mbili na blada zote. Alikaa gizani akiwa ameegemeza mgongo kwenye chuma. Mwanzoni hakuona kitu. Baadaye tone likamdondokea shingoni. Akainua mkono, akagusa dari ya plastiki, nayo ilikuwa na matone kila mahali, kama kifuniko cha sufuria kinavyokuwa. Hapo likamjia lile shati la Dishon kwa waosha magari, na kicheko chao chote cha siku ile.

"Fungua!" akaita. "Fungua, Baba Mitchelle, nimeliona!"

Dishon alipofungua, alimkuta mkewe amelowa tangu kichwani, uso unang'aa kwa furaha, na githeri imemwagika mapajani.

"Umeona nini?"

"Nimezuia maji yasiingie, nikayafungia ndani."

Alikwenda Jericho kwanza. Alimweleza Bi Lela alichokigundua, kisha akamwomba jambo ambalo alijua ni zito: manda zipoe kidogo mikekani kabla ya kufungwa. Bi Lela alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, akikuna nazi, na hakuacha kukuna.

"Zikipoa, Nasima atazipata saa ngapi? Jua litamngojea? Mimi nimepika hivi tangu mamangu yu hai. Sitabadilisha moto wangu kwa sababu ya gari lako."

"Basi sitakuomba tena ubadilishe moto. Nakuomba siku moja. Kabla Ramadhani haijaisha, siku nitakayokuja kukwambia niko tayari, unipe mzigo."

"Na ukiuharibu?"

"Ukiharibika, mimi mwenyewe nitamleta Willis hapa mlangoni na sitakanyaga tena isipokuwa kukuamkia."

Bi Lela akaacha kukuna. Inasemekana alikuwa akikumbuka yale magodoro ya Huruma, ingawa hajawahi kulithibitisha hilo. "Siku moja," akasema. "Nami nitapanda humo garini nikuone."

Makau hakufurahia kumwona. Alipoambiwa kwamba kifuniko alichokishona vizuri namna ile kitatolewa, na badala yake ashone kile cha pamba, na kwamba kiwe na matundu mawili ya hewa, alishika kiuno.

"Dirisha kwa turubai? Mama, kwanza ulikataa hata nafasi ya sindano. Sasa unataka baraza."

"Ndiyo, nataka baraza. Leta maji."

Walitandika kipande cha pamba kati ya viti viwili, kikalegea katikati kama bakuli, wakamimina maji humo. Mwanzoni maji yalitokeza upande wa chini kwa vijitone, na Makau akaachia tabasamu la mtu aliyesema tangu mwanzo. Wakangoja. Nyuzi zikavimba kwa kunywa maji, vijitone vikakoma, na bakuli likabaki limejaa bila kudondosha kitu. Kisha Millicent akainama, akagusa tumbo la kitambaa kwa ncha ya kidole. Mahali pale pale maji yakaanza kuchirizika. Akaondoa kidole, maji yakaendelea.

"Kwa hiyo kisiguswe kutoka ndani," akasema.

"Kisiguswe na kitu chochote," Makau akakubali, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika. Kazi ilikuwa imeanza kumvuta. "Pinde lazima zipande juu zaidi. Na kitambaa tukivute kikaze, maji yasituame mgongoni."

"Na mvuke upite."

"Pamba itaupitisha kiasi ikiwa kavu. Ikivimba kwa mvua haitaupitisha sana. Hapo ndipo hayo madirisha yako." Akachora kwa chaki sakafuni: tundu moja mbele, juu, likijificha nyuma ya kichwa cha gari ambako mvua haifiki, jingine nyuma, juu ya mlango, chini ya ukingo uliochomoza kama kofia ya polisi. Walibishana juu ya urefu wa ukingo. Millicent alitaka mrefu, Makau akasema mrefu utapigwa na upepo ukapasuka. Wakakubaliana baada ya Millicent kuendesha pikapu mara mbili kwenye barabara ya vumbi huku Makau ameshikilia nyuma kwa mkono mmoja, akitazama ukingo unavyotikisika na kupiga kelele za kuomba wapunguze mwendo.

Kifuniko kilipokamilika, Millicent alikilowesha na kukikausha juani tena na tena ili nyuzi zizoee. Akakijaribu kwa githeri ya moto, mara hii akiwa na busara ya kuifunika sufuria nusu. Akakijaribu kwa waosha magari. Dishon aliingia humo bila kuambiwa, akajilaza juu ya magazeti kama mtu aliyezoea kazi yake. Alipotoka alikuwa na usingizi.

"Ndani mna hewa," akasema. "Ningekuwa na mto ningebaki."

Siku aliyokwenda Jericho kusema yuko tayari, mawingu yalikuwa yamekusanyika tangu asubuhi upande wa Ngong. Angeweza kungoja siku ya jua. Dishon alimshauri angoje. Lakini Millicent alisema kwamba kifuniko kinachongoja siku ya jua hakina tofauti na nailoni ya buluu, akaenda.

Kreti zilipakiwa zikiwa na joto. Bi Lela alifika akiwa amejifunga buibui, akaweka kiganja juu ya bunda moja kuhakikisha kwamba zina moto wake kamili, akapanda kiti cha mbele akiwa na tasbihi mkononi. Kuhusu mahali mvua ilipoanzia, wenyewe hawakubaliani: Millicent anasema walikuwa hawajatoka Jericho, Bi Lela anasema walikuwa wameshaingia barabara ya Outering. Wanakubaliana kwamba ilikuwa mvua ya kumwaga, ile ambayo vipangusa vioo huisukuma huku na huku bila kuimaliza, na kwamba magari yalisimama foleni hadi wasikoweza kuona.

"Washa redio," Bi Lela akasema.

"Imeharibika."

"Basi sema kitu. Nisisikie mvua peke yake."

Millicent akamsimulia habari za Makau akining'inia nyuma ya pikapu, mkono mmoja, akiita majina ya watakatifu wa kanisa lake. Bi Lela alicheka mpaka akaiweka tasbihi mapajani, kisha akajikemea, akaiokota. "Usinichekeshe. Nimefunga."

"Kucheka hakufunguzi, Bi Lela."

"Kwa koo kavu namna hii, kunachosha." Akatazama nyuma kupitia kioo kidogo cha kichwa cha gari, akaona giza la turubai tu. "Mwanangu, na ikiwa zimelowa?"

"Nitafanya kama nilivyosema."

"Utamleta Willis mlangoni mwangu?"

"Nitamleta."

Bi Lela akarudi kwenye tasbihi yake. Foleni ikasogea, ikasimama, ikasogea.

Huruma walimkuta Nasima amesimama chini ya bati, karai limeshapata moto, watu wamejibanza ukutani wakikinga mvua kwa mifuko. Millicent aliirudisha pikapu kinyumenyume hadi karibu na bati. Maji yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye ukingo wa turubai kama shanga. Alitia mkono kufungua, na Bi Lela, ambaye alikuwa ameshashuka mvuani bila mwavuli, akamsukuma pembeni.

"Toka. Nitafungua mwenyewe."

Akafungua mlango wa nyuma, akapangusa mikono kwa kanga yake ya ndani. Akavuta kreti ya juu, ya katikati, ya chini. Akachagua bunda kutoka ya chini kabisa, akafunua kitambaa, akachomeka ukucha pembeni. Manda ya kwanza ikabanduka peke yake. Ya pili ikabanduka. Akaendelea kubandua moja moja, na kila moja alimpa Nasima mkononi, kama anayehesabia mtu watoto wake. Alipofika karibu na katikati ya bunda aliacha, akapitisha kiganja juu ya kingo za kreti zote, na akakitazama kiganja hicho.

"Kavu," akasema. Kisha, kwa Nasima: "Kaanga, watu wana njaa."

Millicent alikuwa amesimama mvuani, hajasogea. Bi Lela akamgeukia, maji yakimtiririka kidevuni.

"Kesho uje baada ya adhuhuri, usichelewe. Na Willis umwambie wewe. Mimi nimefunga, sitaki maneno."

Tangu siku hiyo hadi Idi, na baada ya Idi, mzigo wa Bi Lela umekuwa ukisafiri chini ya turubai la pamba. Willis amepata kazi ya kupeleka vinywaji Umoja. Anampigia Millicent honi wanapopishana, naye humjibu. Mvua za masika zilipita zote bila kreti kurudi.

Turubai hilo limejaribiwa kwa mvua, kwa mvuke na kwa upepo. Jua la mwaka mzima litaifanyia nini pamba yake, hilo halijulikani. Makau anasema litadumu, Dishon anasema rangi imeshaanza kufifia mgongoni, na Millicent, akiulizwa, husema kwamba hajui.